Mtoto Huyu Si Mkaidi: Shule na Watoto Walioona Vita

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua.)

Uwe Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma nchini Kenya au Nakivale kule Uganda, leo tunazungumza nawe mwalimu, nawe mzazi, kuhusu mtoto aliyekaa darasani lakini moyo wake bado unakimbia.

Tuchukue mfano. Mvua kubwa inaanza kupiga mabati ya darasa, kisha radi inalia. Watoto wengi wanacheka. Msichana mmoja wa miaka 9 anaingia chini ya dawati na kuziba masikio. Mwalimu anamwita, haitiki. Wenzake wanamcheka, mwalimu anamwadhibu kwa utundu, na kesho yake haonekani shuleni.

Je, msichana huyu ni mtundu? Hapana. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Masikio ya msichana huyu yamesikia radi, lakini mwili wake umesikia bunduki.

Hali hiyo huitwa kiwewe. Mtu akikutana na hatari, mwili wake hujitayarisha kukimbia, kupigana au kutulia tuli. Moyo hudunda haraka na pumzi huwa fupi. Hilo ni jambo jema, maana ndilo lililowaokoa wengi waliotoroka vita usiku, kwa miguu au kwa mtumbwi. Shida huja pale hatari inapopita lakini mwili haujaamini kwamba imepita. Sauti, harufu ya moshi au mtu mwenye sare huweza kuurudisha kule kule. Na akili inayolinda mlango haiwezi kujifunza hesabu.

Dalili hutofautiana. Mtoto mdogo huweza kuanza tena kukojoa kitandani, au kumng'ang'ania mama asimwache. Mkubwa kidogo husinzia darasani kwa sababu usiku halali, au husahau alichosoma jana. Kijana huweza kuwa mkali, kupigana, au kujitenga kabisa. Ukimwona hivyo, kabla ya kumuuliza "Una ubishi gani?", jiulize "Mtoto huyu amepitia nini?"

Sasa shule ifanye nini? Kuna mambo matatu.

La kwanza ni kuzuia. Shule haiwezi kufuta vita, lakini inaweza kuhakikisha haiongezi kidonda kingine. Fimbo, matusi na kejeli za kabila humwambia mtoto kwamba hata hapa hakuna usalama. Choo cha wasichana kisicho na komeo humwambia hivyo hivyo. Wazazi, angalieni pia njia ya kwenda shule. Nawe mwalimu, fuata ratiba ile ile kila siku, maana mtoto akijua kinachofuata hutulia. Mawingu yakitanda, tangulia kusema: "Mvua inakuja, mabati yatapiga kelele, lakini tuko salama."

La pili ni kusaidia pale mtoto anapoogopa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo hata asiye daktari anaweza kuitoa. Mwongozo huo una nguzo tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ameshtuka na kama kuna hatari ya kweli. Mkaribie taratibu, chuchumaa, mwite kwa jina kwa sauti ya chini. Mwombe avute pumzi polepole pamoja nawe na akutajie vitu vitano anavyoviona. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, usimlazimishe kusimulia yaliyompata, wala usimwambie "sahau tu". Kisha muunganishe na mzazi, rafiki, au mhudumu wa ulinzi wa watoto. Akikuambia kwamba kuna mtu anayemdhuru, usilitangaze sokoni wala usilifiche. Lipeleke kwa mhudumu huyo siku hiyo hiyo.

La tatu ni kupona. Watoto wengi hupata nafuu wakiwa na usalama, chakula, watu wanaowapenda na shule isiyokatika. Mpira, ngoma, kuchora na kuimba si kupoteza muda. Humrudishia mtoto furaha na marafiki. Lakini dalili zikizidi mwezi mmoja, au mtoto akishindwa kula na kulala, mpeleke kituo cha afya. Akisema anataka kufa, usingoje hata siku moja wala usimwache peke yake.

Pengine wewe mwalimu unasema: "Darasa langu limejaa hadi mlangoni. Nitamchuchumalia nani?" Una haki ya kuuliza. Ndiyo maana anza na yale yanayowafaa wote kwa pamoja: salamu na wimbo asubuhi, dakika mbili za kuvuta pumzi, sheria chache zisizobadilika. Tena kumbuka kwamba nawe ulikimbia. Kutaneni walimu kila wiki mpeane moyo, maana mwalimu aliyechoka hukasirika upesi.

Nawe mzazi, mwambie mwalimu mambo yanayomshtua mtoto wako. Huna haja ya kueleza yote. "Mwanangu anaogopa kelele" yatosha. Mwalimu akijua hilo, ataweza kumketisha karibu na rafiki yake, mahali anapouona mlango. Mvua ijayo, huenda msichana wetu ataziba tu masikio na kubaki kwenye dawati.

Maswali ya kujadili katika kikundi chako cha wasikilizaji:
1. Ni jambo gani shuleni kwenu linalowatia watoto hofu, nanyi mnaweza kuliondoa wiki hii?
2. Katika kambi yenu, mhudumu wa ulinzi wa watoto anapatikana wapi?

 

(Muziki wa kufunga.)