Gharama kubwa ya pampu ni siku za kusubiri fundi

Mkoani Katavi mvua hunyesha msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili hivi. Msimu ukishapita, kata kama Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika, hutegemea zaidi maji ya chini ya ardhi na mashine ya kuyapandisha. Kwenye machimbo ya dhahabu yanayoizunguka Mpanda, duara, yaani shimo la mchimbaji, likishafika kina cha maji halichimbiki bila pampu ya kulikausha, na mwamba mgumu unahitaji kompresa ya kuendesha nyundo za kutobolea. Biashara inayozizunguka mashine hizi, hata hivyo, imeegemea mambo mawili tu: kuuza mpya na kufufua iliyokufa. Kazi yenye tija kuliko zote mbili ni ile isiyo na mnunuzi bado, yaani kumlipa mtu ili mashine isife. Katika eneo lililo mbali na maduka makubwa ya vipuri, kazi hiyo ndiyo inayopaswa kuwa biashara kuu ya mafundi.

Historia ya maji vijijini inatoa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi maji, na miradi mingi ikajengwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka mzigo wa uendeshaji mikononi mwa watumiaji wenyewe. Ripoti ya WaterAid ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vijijini havikuwa vikitoa maji, na kwamba robo ya vituo hukoma kufanya kazi ndani ya miaka miwili tu tangu vijengwe. Mashine iliyokufa katika mwaka wake wa pili haijafa kwa uzee. Wananchi walikabidhiwa gharama, lakini hapakuwa na huduma ya kununua kwa fedha hizo. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuvipa nguvu vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, imeweka mlipaji anayetambulika. Kinachobaki ni kumpa kitu cha kulipia kabla ya hasara.

Tuchukue mfano wa kijiji chenye watu 2,000, kila mmoja akitumia lita 15 kwa siku. Hizo ni ndoo 1,500 za lita 20, na kila ndoo ikiuzwa Sh50, makusanyo ya siku ni Sh75,000. Mota ikiungua, na kipuri kikasubiriwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam kwa siku 20, Sh1.5 milioni zimepotea kabla fundi hajalipwa hata senti, mbali na saa za kina mama kwenye madimbwi na magonjwa yanayofuata. Kijiji hichohicho kikitenga Sh5 katika kila ndoo, kinapata Sh225,000 kwa mwezi. Kwa kiasi hicho fundi anaweza kukitembelea kwa ratiba akiwa na vifaa vya kupimia, na beringi na sili za akiba zikakaa stoo ya kijiji badala ya kusubiriwa.

Ziara hizo zina maana kwa sababu pampu hutoa dalili kabla ya kufa. Chukua pampu ya mzunguko iliyofungwa juu ya ardhi. Fundi hufunga valvu ya kutolea maji kwa muda mfupi tu, anasoma geji, kisha analinganisha na namba iliyoandikwa siku pampu ilipofungwa. Presha ikiwa imeshuka, mapanga au pete zake zimelika. Ikiwa ileile huku maji yakitoka kidogo, kuna kizuizi kwenye bomba au kisima kimepungukiwa. Mlio wa changarawe ndani ya pampu, ilhali hakuna changarawe, ni mapovu ya mvuke yanayopasuka na kumega chuma, na mara nyingi chanzo chake ni upande wa kuvuta. Mpanda iko takribani mita 1,100 juu ya bahari. Kwa mwinuko huo msukumo wa hewa hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 9 hivi, na kwa kazi ya kila siku mita 6 au 7 ndiyo mwisho wa busara. Mchimbaji anayeiacha pampu yake juu huku maji ya duara yakizidi kushuka anaiua mwenyewe, na kila atakayoinunua baadaye itakufa vilevile.

Umeme nao una dalili zake. Volti za njia tatu zikipishana kwa asilimia 3.5 tu, joto la mota hupanda kwa takribani robo, na kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya nyaya zake kwa nusu. Tofauti hiyo hugunduliwa kwa kipimo cha mkononi katika dakika chache. Kwenye kompresa, maji yasipomwagwa kila siku hulila tangi kutoka ndani, na valvu ya usalama isiyojaribiwa inaweza kukwama siku inapohitajika. Tangi likipasuka mbele ya wachimbaji, hasara haihesabiki kwa shilingi.

Wapo wanaosema ni nafuu kununua pampu ya bei ndogo na kuitupa ikifa. Hesabu hiyo ingekubalika kama kifo kingetokana na pampu yenyewe. Kikitokana na mchanga wa kisima au umeme mbovu, mpya inarithi ugonjwa uleule. Wengine wanategemea umeme wa jua, nami nakubali kwamba unaondoa gharama ya dizeli. Lakini mchanga hautofautishi mota ya jua na ya jenereta, na kidhibiti cha kielektroniki kikiungua kinaweza kumshinda fundi wa kawaida.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wananchi maskini hawatalipia kitu ambacho hakijaharibika. Jibu limeshajaribiwa Kyuso, Kitui, nchini Kenya. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vitambuzi kwenye mipini ya pampu za mkono na kuweka kikosi cha mafundi; muda wa kusubiri matengenezo ukashuka kutoka karibu mwezi mzima hadi chini ya siku tatu. Hapo ndipo ilipozaliwa huduma ya FundiFix, inayolipwa ada kwa makubaliano. Ni kweli kwamba ada za watumiaji pekee hazikutosha, na mfuko wa matengenezo ukajaziliza. Lakini hilo linatuonyesha pa kuelekeza ruzuku: kwenye huduma inayopimika kwa siku ambazo maji yanatoka. Wilaya ya Tanganyika yenyewe ina vijiji vinane vinavyopata fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu ya Milima ya Ntakata. Sehemu ya mapato ya aina hiyo inaweza kuanzisha mfuko kama huo.

Kwa hiyo RUWASA na vyombo vya maji viunganishe vijiji kadhaa katika mkataba mmoja, ili kazi itoshe kumlisha fundi mwaka mzima, na malipo yapungue kila siku pampu inapolala. Chuo cha VETA Mpanda kipo mahali pafaapo kufundisha upimaji pamoja na ufunguaji wa mashine. Wenye maduara wanaweza kuingia mkataba uleule kwa kompresa zao. Mfadhili au halmashauri inayopeleka pampu Kasekese iitishe mkataba wa matunzo siku ileile inayosaini hati ya ununuzi. Usipokuwepo, fedha hizo zibaki benki mpaka upatikane.