Ndimu na Jik visikutane katika beseni moja

Shati jeupe la shule limeshika kutu kwenye waya wa kuanikia. Ni Jumapili jioni na mtoto hana jingine. Unakamulia ndimu juu ya doa, kisha unamimina Jik katika beseni hilo hilo ili shati zima ling'are. Umejifungia bafuni. Kabla hujamaliza kufikicha, macho yanawasha na kifua kinabana.

Mpenzi msomaji, hukukosea kutumia ndimu, wala hukukosea kununua Jik. Kosa ni kuvikutanisha. Dawa ya kung'arisha nguo ikichanganyika na kitu chenye asidi, kama vile ndimu, siki au baadhi ya dawa za kusugulia choo, hutoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia maadui zake huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Katika bafu lisilo na dirisha, hata kiasi kidogo chaweza kukudhuru, hasa ikiwa una pumu.

Mkojo nao, ukikaa, hutoa amonia, ambayo ikikutana na Jik huzaa mvuke mwingine wa sumu. Kwa hivyo nepi za kitambaa zisuuzwe kwanza kwa maji mengi na kufuliwa kwa sabuni, ndipo zilowekwe.

Lawama ni ya maji

Wengi wetu huzidisha Jik kwa sababu nguo hazitakati. Mara nyingi lawama si ya sabuni bali ni ya maji. Visima vingi vya Kisauni na Likoni vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa. Sabuni ya kipande hupambana na chokaa hiyo kwanza. Povu halitoki, na utando wa kijivu unabaki kwenye nguo.

Dawa yake ipo sokoni kwa bei nafuu: magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, yatokayo Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado. Tia kijiko kimoja cha kulia katika ndoo ya maji ya lita 20, koroga, uache usiku kucha. Chokaa itatuama chini. Asubuhi chota maji ya juu ufulie. Tumia ndoo ya plastiki, kwani magadi hula sufuria za alumini. Usifulie sufu wala hariri, na suuza mikono vizuri. Lakini fahamu kuwa magadi hayaondoi chumvi. Kisima chenye maji ya chumvi kitabaki hivyo.

Madoa

Kwa kutu, paka ndimu na chumvi, anika juani kwa muda wa saa moja, kisha suuza mara tatu. Usitie Jik kabisa, kwani huzidi kulikaza doa la kutu.

Kwa grisi, ambayo wafanyakazi wa gereji na malori huko Changamwe wanaijua vyema, nyunyiza unga ufyonze mafuta kabla nguo haijaguswa na maji. Kung'uta, kisha sugua sabuni ya kipande.

Kwa ukungu wa majira ya masika, piga nguo brashi nje ya nyumba, ifue, uianike kwenye jua kali hadi ikauke kabisa.

Ukilazimika kutumia Jik

Itumie peke yake, katika maji baridi, mlango ukiwa wazi. Iache katika chupa yake yenyewe. Ukiihamishia katika chupa ya soda, mtoto mwenye kiu hatajua tofauti. Akiinywa, usimlazimishe kutapika. Msukutue kinywa, beba chupa, na mkimbize katika hospitali iliyo karibu, kama vile Port Reitz kwa wakazi wa Changamwe.

Ukivuta gesi, acha kila kitu, toka nje upate hewa safi. Kikohozi au kubanwa kifua kukiendelea, nenda hospitalini, hata ikiwa ni usiku.

Na shati lile? Ndimu, chumvi, jua na maji vingelitosha.