Kompyuta Bado Inawaka: Je, Upige Windows Mpya?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga utaratibu wa kawaida wa kutoa viraka vya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015. Siku hiyohiyo Office 2016 na Office 2019 nazo zikafikia ukomo wa huduma. Hakuna kompyuta iliyozimika. Kesho yake steshenari za Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ziliendelea kuchapa barua, kutoa kopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni.

Ugumu wa uamuzi unaanzia hapo. Mashine inawaka, Word inafunguka, printa inatoa karatasi. Kwa nini basi mwenye duka, mwalimu mkuu au katibu wa chama cha ushirika atumie fedha na bando kubadilisha kitu ambacho hakijaharibika? Fundi mmoja atamwambia apige Windows 11 leo leo; mwingine atamwambia aachane nayo. Wote wawili wanatoa jibu moja kwa maswali mawili. Mfumo endeshi na programu za ofisi ni vitu tofauti na vinazeeka kwa namna tofauti. Kwa mfumo endeshi, swali la kwanza ni usalama. Kwa programu za ofisi, swali la kwanza ni kazi unayoifanya. Ukiyatenganisha maswali hayo, uamuzi unakuwa mwepesi.

Tundu lisilozibwa

Mfumo endeshi ndio unaogawa kumbukumbu, kusoma diski, kuwasiliana na mtandao na kuamua programu gani iruhusiwe kufanya nini. Umeandikwa kwa mamilioni ya mistari ya msimbo, na katika maandishi mengi kiasi hicho makosa hayakosekani. Kosa linalompa mhalifu njia ya kuingia ndilo tundu, na kipande cha msimbo kinacholiziba ndicho kiraka. Microsoft hutoa viraka vyake kila Jumanne ya pili ya mwezi.

Kiraka kikitoka, wahalifu nao hukipakua. Hulinganisha faili jipya na la zamani, na tofauti kati ya mafaili hayo huwaonyesha tundu lilipokuwa. Windows 11 imerithi sehemu kubwa ya msimbo wa Windows 10, hivyo kiraka cha ile mpya kinaweza kuwa ramani ya kuvamia ile ya zamani. Kila mwezi unaopita, ramani zinaongezeka.

Madhara yake dunia iliyaona mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kubadilishana mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Huko Uingereza baadhi ya hospitali ziliahirisha matibabu na kuelekeza magari ya wagonjwa kwingine. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili, hakikuwekwa tu.

Wapo wanaojifariji kwamba antivairasi yao bado inasasishwa. Ni kweli, ile iliyomo ndani ya Windows 10 itaendelea kupokea orodha mpya za virusi hadi mwaka 2028. Lakini kazi ya antivairasi ni kutambua virusi inavyovijua. Haizibi tundu.

Flashi haina mpaka

"Kompyuta yangu haina intaneti" ni jibu linalosikika sana, na ni jibu zuri iwapo hakuna kitu kingine kinachoingia. Karagwe na Kyerwa, flashi inaingia. Mteja analeta barua yake kwenye flashi, mwalimu analeta mtihani, karani wa chama analeta orodha. Kila mwenye steshenari anakijua kirusi kinachogeuza mafolda kuwa njia mkato. Kinafanya kazi hivi: kinaficha mafolda halisi, kisha kinaweka mahali pake vialama vyenye majina yaleyale. Ukibonyeza kialama chenye jina la folda lako, kwanza kinaendesha programu haribifu iliyofichwa ndani ya flashi, kisha kinakufungulia folda halisi. Unaona mafaili yako yapo, unafanya kazi, unachapa, unaondoka. Kompyuta imeshaambukizwa, na kila flashi itakayochomekwa baada ya yako inaondoka na kirusi.

Wakulima wa Kagera wanajua jambo hili kwa uchungu. Mnyauko bakteria wa migomba ulipoingia mkoani mwaka 2006, njia mojawapo kubwa ya kuusambaza ilikuwa panga: linakata mgomba mgonjwa, linahamia mzima bila kusafishwa. Flashi ni panga la steshenari. Kompyuta isiyo na intaneti ni salama pale tu flashi zinazoingia zinapodhibitiwa.

Taarifa ni za nani?

Kabla ya kuhesabu gharama, jiulize kompyuta hiyo imebeba taarifa za nani. Ya kuchezea muziki nyumbani ni shauri la mwenyewe. Ya chama cha msingi cha ushirika ni suala jingine. Vyama vya msingi vilivyo chini ya KDCU, ushirika mkuu unaohudumia wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa, vinatunza majina ya wakulima, kilo walizopeleka na malipo wanayodai. Tena sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao na ukataji misitu inataka kahawa iambatane na vipimo vya mahali shamba lilipo. Orodha hizo zikifungwa na wahalifu katikati ya msimu, anayeumia ni mkulima aliyeshusha magunia yake na hana ushahidi mwingine zaidi ya kikaratasi.

Nchi yetu, Tanzania, pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Shule, zahanati na SACCOS zote zinaguswa.

Soma namba ya prosesa

Ukishakubali kwamba kompyuta yako inahitaji viraka, angalia kama inaweza kubeba Windows 11. Kwa kompyuta yenye Windows 10 halali, kuhamia Windows 11 hakulipiwi leseni. Kikwazo ni mashine yenyewe. Inatakiwa RAM ya angalau GB 4, diski ya GB 64, na TPM 2.0, yaani kifaa kinachotunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida haziwezi kuzichota. Kwa prosesa za Intel inatakiwa, kwa jumla, ya kizazi cha 8 kwenda juu.

Namba hiyo unaisoma mwenyewe. Fungua Settings, kisha System, kisha About. Ukikuta i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: ni kizazi cha sita, haifai. Ukikuta i5-8250U, ni kizazi cha nane, inafaa. Jambo hili ni kubwa kwetu kwa sababu laptopu nyingi zinazouzwa huku ni za mtumba. HP EliteBook 840 G3 ni mashine imara, lakini prosesa yake ni ya kizazi cha sita. Nyingi za G5 ni za kizazi cha nane, japo zipo zenye kizazi cha saba. Kwa macho zinakaribia kufanana; bei isikudanganye kabla hujasoma namba. Kuna mafundi wanaojua kuzunguka masharti haya na kuipiga Windows 11 kwenye mashine isiyofaa. Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata viraka, na viraka ndivyo vilivyokupeleka kwa fundi.

Kama mashine haifai, bado usiitupe. Microsoft imeweka muda wa nyongeza wa viraka vya Windows 10 kwa watumiaji binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Kwa shule zenye leseni za elimu, bei iliyotangazwa ni dola 1 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza. Njia ya kudumu zaidi ni Linux, mfumo endeshi wa bure. Ubuntu 24.04 inapewa viraka hadi mwaka 2029 na inakubali prosesa zilizokataliwa na Windows 11. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski, ukaona kama printa, skana na Wi-Fi vinaitika. Kwa steshenari inayochapa na kuvinjari, au maabara ya shule, inatosha. Kwa ofisi inayotumia programu za uhasibu zilizoundwa kwa Windows pekee, kama Tally, haitoshi.

Kuna tiba moja inayosaidia katika njia zote hizi. Kompyuta nyingi zinazolalamikiwa kuwa nzito tatizo lake ni diski ya kuzunguka. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika inatumia milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na wakati wa kuwaka mfumo endeshi unasoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. SSD, diski ya aina nyingine, haina kinachozunguka. Inafikia faili kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Weka SSD kwanza, kisha ndipo upige mfumo mpya juu yake.

Office: acha kazi iamue

Hapa unaweza kwenda taratibu. Faili la docx ni mfuko uliofungwa kwa zip. Chukua nakala ya barua yako, badilisha herufi docx mwishoni mwa jina ziwe zip, ifungue: ndani utakuta maneno yako katika faili la maandishi, picha katika folda lake, na mitindo katika faili jingine. Muundo huo ulianza na Office 2007, na ndiyo maana barua ya leo bado inafunguka kwenye Office ya zamani na kwenye LibreOffice ya bure.

Kinachovuruga mpangilio mara nyingi ni fonti. Barua iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa pasipo na Calibri, herufi za upana mwingine huchukua nafasi, mistari inasogea, na kurasa mbili zinakuwa tatu. Fonti ya bure iitwayo Carlito ilichongwa kwa vipimo vya Calibri ili kuondoa tatizo hilo.

Excel ndiyo inayodai uangalifu. Mhasibu wa makao makuu akitumia XLOOKUP, ambayo Office 2016 haiijui, kwako utaona jumla iko sawa. Ukiigusa hesabu ile, inageuka kuwa #NAME?. Na kama bado unatunza rejista katika muundo wa xls, kumbuka kikomo chake ni safu mlalo 65,536. Mwaka 2020 huko Uingereza, wagonjwa 15,841 wa Korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu ya kikomo hicho. Muundo wa xlsx unabeba zaidi ya safu mlalo milioni moja.

Basi, ukibadilishana hesabu na ofisi zenye Excel mpya, badilisha. Ukiandika barua na mitihani tu, huna haja ya kununua Office mpya. Onyo ni moja: ukipokea mafaili kutoka kwa watu usiowajua, LibreOffice iliyosasishwa ni salama kuliko Office iliyochakachuliwa, kwa maana programu za kuvunjia leseni zenyewe ni mlango wa virusi.

Siku ya kupiga

Usipige mfumo mpya katikati ya msimu wa kahawa wala wiki ya mitihani. Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, jaribu kuyafungua, kisha chomoa diski hiyo. Faili la kupigia Windows 11 linazidi GB 5. Lipakue mara moja kutoka tovuti ya Microsoft, liweke kwenye flashi, litumie kwa kompyuta zote za ofisi. Hakikisha betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi unaweza kuharibu mfumo mzima. Ukihama kutoka Windows 10 bila kufuta diski, una siku 10 za kurudi ulikotoka. Zitumie kujaribu printa, skana na programu za hesabu.

Viongozi wa vyama vya ushirika, wakuu wa shule na wenye steshenari wa Karagwe na Kyerwa: andikeni orodha ya kompyuta zenu, prosesa zake na taarifa zilizomo. Inayobeba taarifa za watu na kuingia mtandaoni isiendelee bila viraka. Ihamishieni Windows 11 au Linux. Office ya zamani inaweza kusubiri bajeti. Orodha za wakulima na wanafunzi hazisubiri.