Dawa za sonona haziachwi ghafla

MGONJWA wa sonona anapopata nafuu, aghalabu hudhani amepona, akaacha dawa mara moja. Siku chache baadaye, kichwa humzunguka, usingizi humpaa na hasira humpanda. Huo si uraibu, bali ni ubongo uliozoea dawa kunyimwa kwa ghafla.

Kwa kawaida, tiba huendelezwa kwa miezi 6 au zaidi baada ya nafuu. Kisha daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua kwa majuma, pengine miezi. Hatua za mwisho ndizo zinazohitaji subira kubwa.

Dawa nazo hazifanani. Fluoksetini hudumu mwilini kwa majuma kadhaa hata baada ya kuachwa, nayo hulizuia ini kuivunjavunja amitriptilini. Hivyo, anayekosa ya kwanza na kujinunulia ya pili dukani anaweza kudhurika. Uamuzi wa kubadilisha dawa ni wa daktari.

Meru na Embu kuna jambo la ziada. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere vina kathinoni, kichangamsho kinachofukuza usingizi na baadaye kuacha unyong'onyevu. Mtafunaji anayepunguza dawa hatajua iwapo anakeshwa na majani au na dozi iliyopungua. Amweleze daktari bila kuona haya.

Dalili zikizidi, dozi inaweza kurudishwa ilipokuwa, kisha ipunguzwe polepole zaidi. Anayejiwa na mawazo ya kujitoa uhai apelekwe hospitalini mara moja, wala asiachwe peke yake.