Mtungi Uliofungwa Ndani ya Programu



Mto Rupingazi unashuka kutoka Mlima Kenya na kupita mjini Embu. Chukulia kijiji kinachovuta maji ya mto huo hadi kwenye tangi moja. Tangi likitiwa dawa, kila nyumba inapata maji safi siku hiyohiyo. Sasa jirani mmoja, kwa kuchoka na mifereji inayokatika, anajaza mtungi wake na kuuziba. Kiu haimsumbui tena. Lakini dawa ya tangini nayo haimfikii.

Programu za kompyuta zina tabia hiyohiyo. Programu inapotaka kufungua picha, huazima kipande cha msimbo kilichoandikwa na wengine, kiitwacho maktaba. Katika Windows ya miaka ya 1990, programu nyingi zilitumia kwa pamoja nakala moja ya maktaba. Ungesakinisha mchezo, ukaja na toleo lake na kulifuta lililokuwepo. Kesho yake programu ya hesabu za duka ikagoma kufunguka. Hata leo, programu iliyoundwa na mwanafunzi wa chuo kikuu kule Nchiru, Meru, inaweza kumkatalia mwenzake wa Embu kwa sababu tu matoleo ya maktaba hayalingani.

Basi waundaji wakaanza kuzifungia maktaba ndani ya programu. Slack, Discord na Signal za kompyuta, kila moja imebeba injini nzima ya kivinjari cha Chromium. Bando lako linaumia, ila programu inafunguka.

Septemba 2023, mitungi ikanuka. Apple na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto waliripoti tundu la usalama lililokuwa katika libwebp, maktaba ya Google ya kusoma picha za WebP. Picha moja iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumfungulia mvamizi mlango. Chrome na Firefox zilizibwa ndani ya siku chache. Kwingineko, kila programu yenye nakala yake ilibaki wazi mpaka aliyeifunga alipotoa toleo jipya. Kusasisha Windows hakukusaidia, kwa maana hakugusi kilichofungwa ndani ya programu nyingine.

Kufunga si kosa; uzembe ni kufunga ukasahau. Ukiunda programu yako, andika kila maktaba uliyoibeba na toleo lake, kisha ufuatilie habari zake. Nawe unayetumia kompyuta ya nyumbani, programu ikikuomba usasishe, usiiambie "baadaye".