Garimoshi Lililogeuka Basi

Usiku wa kuamkia Jumatano niliota nimepanda garimoshi kutoka Moshi, nimeketi dirishani katika behewa la daraja la tatu, na bibi yangu mzaa mama, aliyefariki miaka mingi iliyopita, yu mkabala nami na kikapu cha maembe mapajani. Tulipofika Mombo, pasipo kusimama wala kupiga honi, lile garimoshi likawa basi, likaendelea kukata mbuga juu ya mataruma yale yale, konda akapita akidai tikiti kwa sauti ya mwalimu wangu wa hesabu, na kila nilipoinamia tikiti yangu nisome kituo nitakachoshukia, herufi zikatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Upande wa kushoto, pale Korogwe, palikuwa na bahari. Wala hapana abiria hata mmoja aliyestaajabu, mimi nikiwamo.

Asubuhi nilimsimulia jirani yangu, mzee ajuaye kutaabiri ndoto, akaniambia, "Garimoshi, mwanangu, ni safari ya akhera, na hilo basi ni dalili kwamba umeahirishiwa." Sikumcheka, kwani Sigmund Freud wa Vienna, katika kitabu chake cha tafsiri ya ndoto chenye tarehe ya 1900, alinena jambo lililo jirani na hilo: kwamba aotaye amekosa treni hujiliwaza nafsi yake asihofu mauti, maana kuondoka safarini ni mithili ya kufa. Ila wataalamu wa usingizi waliokuja baadaye wametufundisha kutazama nyuma zaidi kuliko mbele.

Ilikuwa mwaka 1953, huko Chicago, ambapo Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba macho ya mtu aliyelala huwa na saa zake za kwenda mbio chini ya kope, na kwamba waliogutushwa wakati huo mara nyingi walikuwa na ndoto ya kusimulia. Hali hiyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, ikirefuka kadiri usiku unavyozeeka, na ndiyo sababu ndoto ya karibu na adhana ya alfajiri huwa ndefu na hukumbukwa kuliko ya usiku wa manane. Misuli ya mwili wakati huo hulegezwa kabisa, isipokuwa ile ya macho na ya pumzi. Na mtu akizinduka kabla kifungo hicho hakijafunguliwa, huyo ndiye asemaye amekaliwa na jinamizi.

Picha za ubongo zilizopigwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba katika usingizi huo sehemu zinazohusika na hofu na huzuni huwa macho sana, ilhali ile iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kwa mchana ni kadhi wa mantiki, huwa imetulia. Kadhi akiwa amelala, mashahidi husema watakalo, na basi likipita juu ya reli hapana wa kulikanusha.

Lakini kwa nini reli na basi, na si ngalawa? John O'Keefe aligundua mwaka 1971 kwamba ndani ya sehemu ya ubongo wa panya iitwayo hipokampasi mna chembe ambazo kila moja huamka panya afikapo mahali pake maalumu, ugunduzi uliompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 2014. Na mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton wakaonyesha kwamba chembe zilizoamka pamoja panya alipokuwa akitembea huamka tena pamoja akilala. Ubongo, basi, huipitia njia upya usiku, na kwa rai yangu huziweka kapu moja safari zinazofanana: garimoshi na basi vyote vina dirisha, konda, tikiti na kituo.

Lililonigusa zaidi ni la Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, aliyeandika ndoto zake mwenyewe zaidi ya 2,000, akaona kwamba mandhari ya miji aliyoizuru hayakuwa na haraka ya kuingia ndotoni, bali mengi yalijitokeza baada ya juma moja hivi. Nikahesabu kwa vidole. Usiku nane kabla, nilikuwa nimetoka Moshi kwa basi kwenda Dar es Salaam, na reli ile ambayo Wadachi waliianza Tanga mwaka 1893 ikatuandama kando ya barabara. Tuliposimama Mombo, mwanamke mmoja mzee alininyoshea maembe dirishani, nami sikununua.

Ndoto za namna hii si maradhi. Lakini aliyenusurika ajali ya barabarani, na ajali ile ile ikamrudia kila usiku, amwone tabibu, maana iko tiba ya kuiandika ndoto mchana, kuubadilisha mwisho wake na kuupitia mwisho huo mpya kila siku. Na mtu wa makamo anayepiga mateke na ngumi usingizini asinyamaze, kwani hali hiyo huweza kuyatangulia maradhi ya Parkinson kwa miaka mingi. Dawa nazo huotesha: mefloquini ya kujikinga na malaria, propranololi ya shinikizo la damu, na efavirenzi, ambayo kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake iliwaotesha wengi Afrika Mashariki waliokuwa wakitumia dawa za virusi vya UKIMWI. Aonaye hivyo amwambie daktari wake, wala asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Haya yote nilimweleza yule mzee jioni barazani, kuanzia panya hadi maembe, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Sawasawa," akasema. "Na ile bahari ya Korogwe, mwanangu, basi lenu liliipitia saa ngapi?"