Lapi Itaona Hiyo Boksi Yako Kama Nani?

Ka we ni msee wa mabiti na umechoka kudunda ngoma na mausi, hii stori ni yako. Kontrola ya duka, ile boksi ya mabatani na volyumu ya kudundia biti, ni doh mob. Kujiundia yako inawezekana na vitu unaokota tu kwa maduka za Luthuli, Nairobi: bodi moja, mabatani, volyumu za kuzungusha zenye mafundi wa redio hutumia, waya, na boksi ya mbao ama plastiki. Shida ni venye wasee wengi huanza na bodi, halafu programu wanatafuta baadaye. Mimi nasema geuza. Jua kwanza utachapia biti wapi, FL Studio, LMMS ama Mixxx, halafu jiulize: nikichomeka hii kitu kwa USB, lapi inafaa kuiona kama nani? Hiyo jibu ndo itakuchagulia bodi.

Cheki, hizo programu zote tatu zinaelewa MIDI, mfumo ulitoka 1983 ndo vinanda na mashine za ngoma za makampuni tofauti ziweze kubonga. MIDI haibebangi sauti. Inabeba tu habari: noti gani imegongwa, kwa nguvu kiasi gani, volyumu namba ngapi imefika wapi, na mara mob hizo hesabu zinaendanga kutoka 0 hadi 127. Sauti yenyewe inapikwa ndani ya lapi. Ndo maana kabodi kadogo kanaweza kuendesha biti mzito bila kutoa jasho.

Sasa Arduino Uno, ile bodi kila mtu anaijua, hapa inaleta ngori. Chipu yake kubwa, ATmega328P, haina USB ndani. Kuna chipu ingine kando ya kuiongelea, na kwa zile Uno za bei ya chini mara mingi ni CH340. Lapi inaona poti ya siriali peke yake: COM3 hivi kwa Windows, ama /dev/ttyUSB0 kwa Linux. FL Studio haina habari na poti ya siriali. Itabidi uweke programu ya katikati ka Hairless MIDI, isome siriali iigeuze iwe MIDI, na kwa Windows uongeze ingine ya kuunda poti feki ya MIDI. Inashika, sikatai. Lakini ukiacha dirisha la siriali la Arduino wazi, hiyo ya katikati inanyimwa poti, na biti lenye lilikuwa kwa kichwa linapotelea hapo ukitafuta shida iko wapi.

Toa doh yako kwa bodi yenye USB iko ndani ya chipu yenyewe. Pro Micro na Leonardo ziko na ATmega32U4, na hizo zinajitambulisha kwa lapi zikiwa chombo cha MIDI moja kwa moja. Windows, Mac, Linux, zote zinaitambua bila draiva ya kutafuta. Kwa programu ya Arduino unaweka maktaba inaitwa MIDIUSB, unatuma noti, halafu unaita MidiUSB.flush(), juu bila hiyo habari inaweza kukwama ndani ya bodi na wewe uko hapo unangoja mlio. Choisi ingine tamu ni Raspberry Pi Pico, yenye ilitoka 2021 ikiuzwa dola 4. Shikilia kale kabatani ka BOOTSEL ukichomeka, itatokea kwa lapi ka flashi. Burutia hapo faili ya CircuitPython, ndo lugha ya kuiprogramu, ijiwashe tena, na sasa programu yako ni faili tu inaitwa code.py. Unaifungua na Notepad, unabadilisha, unaseivu, inaanza kukimbia papo hapo. Kwa mtoi anaanza leo, hiyo ndo njia nampea.

Lakini Pico ina pini tatu pekee za kusoma volyumu. Ukitaka nane, ongeza kachipu ka CD4051, kanapokea volyumu nane na kuzipitisha moja moja kwa pini moja. Na pini zake ni za volti 3.3, kwa hivyo volyumu zako zipatie stima kutoka 3V3. Ukizipa 5 unaweza kuichoma hiyo Pico.

Kuna vitu mbili zitafanya boksi yako isikike fiti ama isikike ovyo. Batani likibonyezwa, vyuma vya ndani vinarukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla vitulie, na bila kuiambia programu ingoje kidogo, kiki moja itadunda mara tatu. Volyumu nayo haitulii. CircuitPython inaisoma kutoka 0 hadi 65535, kwa hivyo gawanya na 512 upate ile hesabu ya MIDI ya 0 hadi 127, halafu tuma tu ikibadilika. Ukituma kila saa unafurikia programu na uchafu.

Ukichomeka na taa ya bodi iwake lakini lapi inyamaze, kabla ulaumu chipu badilisha kebo. Kebo ya USB ya kawaida ina waya nne: nyekundu na nyeusi za stima, kijani na nyeupe za data. Zile za kuchaji peke yake ziko na mbili za stima tu, na mtaani ziko kila place.

Kwa programu, LMMS na Mixxx ni za bure kabisa. Mixxx ni ya wasee wa kuspin, na iko na msaidizi wa kufundisha: unabonyeza kitu kwa skrini, unazungusha volyumu yako, inashika. FL Studio bila kulipa inakuwachilia uchape na useivu, ila hiyo projekti huwezi kuifungua tena, so toa biti kabla ufunge. Kwa Mixxx ile mapu ya mabatani inakaa ka faili, so ka mbogi yako imeunda boksi sawa na yako, watumie tu hiyo faili na kila mtu aanze kudunda usiku huo huo.